Mifuko Mia Sita Kutoka Minjingu

Lori la mbolea likitoka kiwandani Minjingu kuja Babati, linaacha ukanda wa Ziwa Manyara, kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi mji ulio zaidi ya mita 1,300. Mwenye gari dogo hupita hapo akipiga soga. Suka, dereva wa semitrela yenye mifuko 600 ya kilo 50, yaani tani 30 bila kuhesabu gari lenyewe, hana nafasi hiyo.

Kazi yake huanza gari likiwa limesimama. Hulizunguka na kipande cha bomba mkononi, akigonga tairi moja baada ya jingine. Lililojaa upepo hulia kavu na bomba hudunda. Lililopungua hutoa kishindo kizito. Macho hayatoshi, maana kwenye jozi, tairi la ndani likiisha upepo, la nje hubeba mzigo wa yote mawili na kulificha, mpaka nalo lichemke lipasuke.

Halafu kuna kupakia. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu hadi tani 56 kwa gari zima, lakini kwenye mizani hupimwa pia ekseli, na moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Kwa hiyo lori linaweza kuwa halali kwa jumla na bado likakwama kwa sababu mifuko imerundikwa mbele au nyuma. Ndiyo maana suka makini haendi kunywa chai wakati wa kupakia.

Akirudi na mahindi au mbaazi, mteremko wa kutoka Babati kwenda Magugu unamsubiri. Gia huchaguliwa huku juu. Ukingoja ufike katikati ndipo upunguze, gia ikigoma kuingia, mzigo wote unakusukuma na injini haikusaidii kitu. Yeye huiacha injini ishike gari, akisaidiwa na breki ya ekzosti. Pedali huikanyaga kwa vipindi, akaachia ngoma zipoe, jicho likirudi kila mara kwenye mshale wa upepo. Walioko nyuma yake humpigia honi. Kwangu mimi, mwendo huo wa kobe ndio ufundi wenyewe: akifika chini, breki hazinuki.

Tangu lami ya kilomita 251 kati ya Babati na Dodoma ifunguliwe 2018, safari za kusini kupitia Kondoa zimekuwa nyepesi, na lami nzuri nayo hushawishi mguu.

Lakini ukitaka kuona mkono wa suka, mtazame akirudi nyuma kwenye ghala mjini. Usukani ukienda kushoto, mkia wa tela huenda kulia, na geti limebana. Utingo anaita, "Leta, leta... kata kulia... leta... hapo hapo!" Suka anacheza na vioo viwili, akirekebisha usukani kidogo kidogo kabla tela halijapinda sana. Vijana wa kupakua, majaji wasio na huruma, wameshaanza kufungua turubai.