Sanduku la 13 na Mlolongo wa 1988: Mhusika na Mfumo katika Wasifu wa Kisiasa

Wasifu wa mwanasiasa aghalabu husomwa kama historia tupu, ilhali una msuko, wahusika na msimamo wa mtunzi sawa na riwaya. Makala haya yanahakiki juzuu ya pili ya wasifu wa Lyndon Johnson ulioandikwa na Robert Caro, Means of Ascent (1990), kwa kuilinganisha na uchaguzi wa mlolongo uliofanyika Kenya mwaka 1988, hasa unavyotazamwa kutoka Busia na Malaba. Hoja inayojengwa ni kwamba wizi wa kura ukisimuliwa kama kisa cha mtu mmoja mwovu, mfumo uliomzaa hufichika.

Kilele cha kitabu ni uteuzi wa chama cha Democratic huko Texas mwaka 1948, Johnson alipokuwa akiwania useneta dhidi ya Coke Stevenson, aliyepata kuwa gavana. Siku 6 baada ya kura ya marudio, matokeo ya Sanduku la 13 katika mji wa Alice, kusini mwa jimbo hilo kuelekea mpaka wa Mexico, yalirekebishwa, na Johnson akaongezewa kura 200. Majina yaliyoongezwa yalifuatana kwa alfabeti, kwa wino na mwandiko mmoja. Johnson alishinda kwa kura 87 kati ya takriban milioni moja. Hapa ndipo ufundi wa Caro unapodhihirika: karatasi, wino na tarakimu vinageuka kuwa wahusika, na msomaji anashuhudia hatua kwa hatua jinsi madaraka yanavyotwaliwa.

Udhaifu umo katika usawiri wa washindani. Johnson anachorwa kama mtu asiye na simile wala haya. Stevenson anatakaswa mno. Wahakiki kadhaa waliliona hilo mara kitabu kilipotoka. Uzito wa kasoro hii ni wa kimaudhui. George Parr, kigogo aliyezitawala kura za eneo hilo, alikuwapo kabla ya Johnson, na katika chaguzi zilizotangulia kura zake zilikuwa zimemwendea Stevenson huyo huyo. Mtambo ulikuwa mmoja. Aliyebadilika ni mnufaika.

Mlolongo wa 1988 unalifafanua jambo hilo vizuri zaidi. Katika uteuzi wa KANU wa Februari mwaka huo, wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya wagombea au mawakala walioshika picha zao, wakahesabiwa vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Malalamiko yalienea nchini kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuishinda mirefu. Kisanaa, hili ni tamthilia ambamo hadhira ndiyo waigizaji: kila mtu ameuona mwisho kwa macho yake, kisha mtangazaji anasoma mwisho mwingine. Johnson alihitaji wino. Katika mlolongo, sauti ya msimamizi ilitosha. Wala hapakuwa na karatasi za kura za kuhesabiwa upya, kwani mstari ukishatawanyika hauhesabiki tena.

Malaba, neno mlolongo hutajwa kwa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Kwa waliokuwa watu wazima mwaka 1988, neno hilo lina kumbukumbu nyingine, na kuitamka hadharani hakukuwa jambo jepesi. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikuwa miongoni mwa viongozi wa kidini waliokosoa mlolongo. Mnamo Agosti 1990 Peter Okondo, waziri na mbunge kutoka wilaya ya Busia, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikwenda tarehe 14, na akafa katika ajali ya barabarani akirejea Eldoret. Okondo alijiuzulu, na mnamo Desemba mwaka huo KANU iliuacha mlolongo.

Basi, wasifu unaosema tu kwamba fulani "alichaguliwa mwaka 1988" unatumia neno ambalo maana yake haijathibitishwa. Hata Texas, penye karatasi, ungamo lilitoka kinywani: Luis Salas, msimamizi wa Sanduku la 13, alikiri mwaka 1977, miaka 29 baadaye, na Caro akamtafuta uzeeni mwake ili amsikilize. Kwa mlolongo, vinywa ndivyo daftari lenyewe. Wanafunzi wanaokwenda Busia kukusanya ngano na nyimbo za Wakhayo, Wasamia, Wanyala na Wateso wangefaa kuwauliza wazee hao hao swali moja zaidi: siku ile ulisimama nyuma ya nani, na mstari wenu ulifika wapi? Wazee hao wanazidi kupungua, na jibu lao halimo katika karatasi yoyote ya kura.