Mfinyanzi Hulia Gaeni: Tafakuri juu ya Vyombo vya Arklow

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Aghalabu tunaisoma methali hii kama masikitiko juu ya fundi asiyefaidi jasho lake. Mimi naiona na maana ya pili, inayomhusu mhakiki: chombo kinachotumika hakihifadhiwi, na kinachohifadhiwa hakitumiki. Viwanda viwili vya vyombo vya udongo, Belleek na Arklow, vyote vya kisiwa cha Ayalandi, vyatosha kuwa ushahidi.

Belleek ni kijiji kando ya mto Erne, katika Fermanagh, upande ambao leo ni wa Ayalandi ya Kaskazini. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1857, baada ya mwenye ardhi, John Caldwell Bloomfield, kutambua kuwa shamba lake lina feldspa na udongo mweupe wa kaolini. Alishirikiana na msanifu majengo Robert Williams Armstrong na tajiri wa Dublin, David McBirney. Walianza na vitu vya kawaida: vigae vya sakafu, mabeseni, vyombo vya mezani. Sifa, hata hivyo, zililetwa na kauri nyembamba yenye mng'ao wa lulu, vikapu vilivyosukwa kwa nyuzi za udongo na vikombe vyenye umbo la kombe la baharini. Mwaka 1946 Belleek iliacha kabisa kutengeneza vyombo vya kawaida. Ingali hai hadi leo, na kazi zake hukaa kabatini nyuma ya kioo.

Arklow ni mji wa bandari katika Wicklow, mashariki ya kisiwa. Watu wake waliishi kwa bahari na, hadi 1918, kwa kiwanda cha baruti. Kiwanda cha vyombo kilianzishwa mwaka 1934, wakati serikali ya Éamon de Valera, iliyoshika madaraka mwaka 1932, ilipojenga ukuta wa ushuru ili bidhaa za nje zisivizime viwanda vichanga vya ndani. Nyuma ya ukuta huo Arklow ilistawi. Sahani, vikombe na mabirika yake yaliingia majumbani na hotelini kwa miongo kadhaa.

Kisha ukuta ukabomolewa tofali kwa tofali. Mwaka 1965 Ayalandi na Uingereza zilitia saini mkataba wa biashara huria; mwaka 1973 Ayalandi ikaingia Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mwaka 1977 kiwanda kikanunuliwa na kampuni ya Noritake ya Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 matanuri yalizimwa.

Wapo wasemao kwamba ushuru ndio uliokilea kiwanda hiki na kuondolewa kwake ndiko kulikokiua. Hiyo ni nusu ya kweli. Ukuta humzuia mshindani, lakini haumpi fundi sauti yake. Nakshi nyingi za Arklow zilikuwa za kubandika, maua na majani yaliyofuata mtindo wa Staffordshire, Uingereza. Kuna seti zilizopambwa kwa mafundo ya kale ya Kikelti, na hizo zinaonyesha njia ambayo kiwanda kingaliweza kuishika kwa dhati. Mnunuzi alipofunguliwa mlango wa kuchagua, hakukuta katika maua yale sababu ya kutosha ya kubaki.

Hata hivyo, siikubali hukumu ya wakusanyaji wanaoipa Belleek kurasa kumi na Arklow mstari mmoja. Kikapu cha Belleek chastahili kusifiwa kwa subira ya mkono uliokisuka. Lakini kikombe cha Arklow kina wema usioonekana kabatini: uzito unaotulia mkononi, mdomo mnene usiopasuka upesi, umbo linalokubali kuoshwa mara elfu. Kukipima kwa mizani ya Belleek ni kukidhulumu, kwani hakikuumbwa kutazamwa.

Sisi watu wa pwani jambo hili twalijua. Katika nyumba za kale za Lamu, sahani iliyowekwa kwenye kidaka ilisalimika na kuwa urithi. Ile iliyopakuliwa wali kila siku ilivunjika, ikatupwa. Na je, hatukufanya vivyo hivyo katika ushairi? Tenzi zilizonakiliwa kwa wino tunazihariri na kuzifundisha. Nyimbo za kutwangia na za kubembelezea watoto, zilizotumika hadi zikachakaa, tumeziacha zizikwe na waliokuwa wakiziimba. Kisha twasema hazikuwa na thamani, maadamu hazikudumu.

Kudumu si kipimo pekee cha uzuri. Mhakiki aonaye kilichobaki tu anahukumu kabati, si sanaa. Gae la Arklow, na liokotwe, litazamwe kwa jicho lile lile tunalolitazamia kikapu cha Belleek. Hapo ndipo tutakuwa tumeanza kuwatendea haki wafinyanzi.