Panga na Moto: Daraja za Uuaji katika Petals of Blood

Riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, Petals of Blood (1977), inaanzia kwenye vifo vitatu. Chui, Kimeria na Mzigo, wakurugenzi wa kiwanda cha pombe ya Theng'eta mjini Ilmorog, wameteketea katika nyumba ya Wanja, na watu wanne wanahojiwa na polisi. Wahakiki wengi wameshughulikia suala la matabaka katika riwaya hii, na umbo lake la kipelelezi wakalichukulia kuwa ni chambo tu cha kumnasa msomaji. Makala haya yanadai kwamba swali la Inspekta Godfrey, yaani nani aliua na kwa nia gani, halikustahili kupitwa kwa haraka kiasi hicho.

Sheria ya Kenya haigawi uuaji katika daraja la kwanza na la pili, kama lilivyofanya jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwaka 1794. Kanuni ya Adhabu inatambua kuua kwa kukusudia (kifungu cha 203) na kuua bila kukusudia (kifungu cha 202). Kinachoyatenga makosa haya mawili ni dhamira ovu, ambayo imefafanuliwa katika kifungu cha 206. Mpaka huu haukuwa suala la istilahi tu. Riwaya ilipochapishwa, aliyepatikana na hatia ya kosa la kwanza alikuwa na adhabu moja ya lazima, nayo ni kifo. Ni mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu hiyo bila kupima hali ya mshtakiwa kunakiuka Katiba.

Munira hatusumbui sana. Anaiteketeza nyumba akijiona mtekelezaji wa amri ya Mungu, anayemwokoa Karega kutoka mikononi mwa Wanja. Sheria haimuulizi kama aliwachukia Chui na Mzigo. Kwa mujibu wa kifungu cha 206, inatosha kwamba mtendaji alijua kitendo chake yamkini kingeleta kifo, hata kama moyoni aliomba kisitokee. Labda wakili wake angetafuta kimbilio katika wazimu. Abdulla naye ni kinyume chake. Amelea nia ya kumuua Kimeria, msaliti wa Nding'uri, kwa miaka mingi, lakini usiku wa tukio anaishia kumtoa Wanja motoni. Dhamira anayo, tendo hana. Mahakama haina la kumuuliza.

Mzizi wa hoja yetu ni Wanja. Msomaji anafahamishwa kwamba Kimeria hakuuawa na moto. Wanja alimkata kwa panga kabla moshi haujamfikia. Je, hilo ni kosa la namna gani? Kifungu cha 207 kinapunguza uzito wa uuaji uliotendwa kwa hasira iliyozushwa na uchokozi wa ghafla, kabla hasira hiyo haijapata muda wa kupoa. Neno zito hapa ni ghafla. Uchokozi wa Kimeria ulianza Wanja akiwa msichana wa shule, alipompachika mimba na kumwacha. Ukarudi tena katika safari ya wanakijiji ya kwenda Nairobi, alipomlazimisha alale naye ndipo wenzake waachiliwe. Kwa saa ya sheria, hasira ya Wanja ilikuwa imekwisha kupoa. Isitoshe, ni yeye aliyewaalika wanaume hao nyumbani kwake usiku huo, jambo ambalo kiongozi wa mashtaka angelishika kama ushahidi wa kupanga. Riwaya inatumia kurasa nyingi kutuonyesha kwamba hasira ya mnyonge haipoi bali hulimbikizwa. Sheria inahesabu ulimbikizaji huohuo kuwa ni hila.

Tusisahau kifo kingine. Wanja alikitupa chooni kichanga alichozaa kwa mimba ya Kimeria. Kwa mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi kumi na miwili, kifungu cha 210 kinatoa nafuu endapo akili yake ilivurugika kwa athari za kuzaa au za kunyonyesha. Hapo sheria inautazama mwili wa mama. Haimtazami mwanamume aliyemtelekeza, wala ufukara uliomzunguka. Ajabu ni kwamba Wanja anajihukumu kwa kifo hiki kwa ukali usio na mfano katika kifo cha Kimeria.

Hapa ndipo tunapotofautiana na mwandishi. Baada ya kulijenga swali hili kwa ustadi mkubwa, Ngugi halifikishi mbele ya hakimu yeyote. Moto wa Munira unaifuta alama ya panga, Wanja anatoka akiwa na mimba na matumaini, na tendo lake linapewa nafasi finyu mno likilinganishwa na maungamo marefu ya Munira. Yamkini mwandishi hakuiamini mahakama ya dola ile, na alikuwa na sababu. Lakini kuinyima mahakama shauri si sawa na kuishinda kwa hoja. Wanja akiwa kizimbani, msomaji angelazimika kuamua kama miaka yote ya dhuluma ni uchokozi au la. Badala yake tunaachiwa Munira, ambaye pamoja na Chui na Mzigo anabebeshwa Kimeria pia, mtu aliyekwisha kukatwa kabla moto haujamfikia.