"Mfumo Mwepesi": Mwepesi kwa Nani?

Baadhi ya wafasiri huiita Linux iliyopunguzwa kwa ajili ya kompyuta kuukuu "mfumo mwepesi". Hatuafikiani nao. Kazi nyepesi ni kazi rahisi. Hapa kilichopunguzwa ni mzigo wa kompyuta tu. Eee PC ya mwaka 2007 ilikuwa na megabaiti 512 za kumbukumbu, basi! Mwalimu wa Kikwe, chini ya Mlima Meru, akipewa kikompyuta cha namna hiyo atatazamia urahisi. Akikutana na amri za kuandikwa herufi kwa herufi, atadhani kosa ni lake. Jambo OpenOffice, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilikwisha kuonyesha kuwa programu huria zaweza kusema Kiswahili. Twapendekeza "mfumo usiolemea kompyuta". Ni ndefu, twakiri. Kiooni penye nafasi finyu, "usiolemea" latosha.