Kinga ya Rais Mstaafu Katika Mizani ya Fiqhi

Ibara ya 46(3) ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inakataza kumshitaki Rais mstaafu, kwa jinai au madai, kwa alilolifanya kama Rais, ila aliyeondolewa na Bunge. Je, fiqhi inaijua kinga hii?

Wapo wanaoitetea kwa kauli ya Mahanafi kuwa imamu asiye na mkubwa juu yake hasimamishiwi hadi. Hoja hii imekatwa nusu. Mahanafi hao hao wamesema kisasi na mali za watu huchukuliwa kwake, kwani ni haki za waja. Na illa yao ni kuwa msimamizi wa hadi ni yeye mwenyewe. Akitoka madarakani, illa imeondoka. Ama jamhuri ya wanazuoni, wakiwemo Mashafii, hawakumtofautisha kabisa.

Mwaka 2015 mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walihukumiwa kifungo kwa matumizi mabaya ya madaraka. Waziri hujibu; Rais mstaafu haitwi hata kujibu.

Husemwa kinga inalinda amani. Maslaha hayo tunayakubali, lakini hayafuti haki ya aliyedhulumiwa. Angalau mlango wa madai ufunguliwe.

Mtume (s.a.w.) alikataa shufaa kwa mwanamke mtukufu wa Bani Makhzum aliyeiba, akabainisha kuwa umma zilizotangulia ziliangamia kwa kumwacha mtukufu na kumwadhibu mnyonge. Mwizi wa kuku wa Kilosa au Mikumi hana ibara ya kumkinga.

Wallahu a'lam.