Noti Kabla Haijalia

Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, kinanda cha Prophet-600 kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland. Ukibonyeza huku, kule kunalia. Lakini ndani ya waya ule haikupita sauti yoyote, yalipita maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, sasa iachie. Ndiyo midi hiyo, na ndiyo maana prodyuza wa leo anaweza kuifinyanga noti kabla haijapata sauti.

Tukisikia efekti, wengi wetu tunawaza mwangwi, kitu cha kupaka juu ya wimbo ambao umeshalia. Efekti ya midi inakaa nyuma zaidi, kati ya kidole na ala.

Mtazame anayeijua kazi akiwa ndani ya Ableton Live, programu ya kutengenezea muziki. Anaweka efekti ya kodi, anaiambia juu ya kila noti iongeze noti iliyo nusu-toni nne juu yake na nyingine iliyo nusu-toni saba. Akigusa C, inatoka C, E na G, safi. Akigusa D, inatoka D, F-shapu na A, na hiyo F-shapu haimo katika skeli ya C. Hapo anaongeza efekti ya skeli, aliyoipanga ishushe kila F-shapu iwe F, na kodi ile inageuka kuwa maina. Kidole kimoja, na kodi imekaa kwenye nyumba yake. Sasa hamisha skeli itangulie kodi: F-shapu inarudi, kwa sababu imezaliwa baada ya mlinzi kupitwa. Efekti ni zilezile mbili, kilichobadilika ni foleni. Mimi hapo ndipo ninapomvulia mtu kofia, maana kununua plagini kila mtu anaweza.

 

Kwenye haihati, yale matoazi ya ngoma, ndiko subira ya fundi inakoonekana. Nguvu ya pigo la midi huandikwa kwa namba, mwisho 127. Mashine ikipiga haihati zote kwa 100, sikio linachoka upesi. Mgeni wa kazi atazitawanya ovyo ziwe kama mvua juu ya bati. Fundi huiruhusu efekti ya nguvu ibahatishe kwa namba sita au nane tu, kisha anaizima kwenye yale mapigo yanayobeba wimbo, anasikiliza, anapunguza tena.

Akiridhika haachi efekti ziendelee kuamua. Anaelekeza noti zilizotoka humo kwenye traki nyingine, anazirekodi, halafu anaanza kuzipitia kwa mkono: hii anaifuta, ile anaichelewesha kidogo, ile ya tatu anaiacha na kosa lake kwa sababu limemfurahisha.