Kinu cha Baba Yaga

Mchawi wa Kirusi hana haja ya ungo. Baba Yaga, ajuza wa ngano za Waslavi, hupanda kinu, akakisukuma kwa mchi huku akifuta nyayo zake kwa ufagio. Msimulie hayo mtoto wa Kiswere, anayeona makopa yakitwangwa uani na ambaye, kama watoto wengi wa pwani, amekanywa asikalie kinu. Huna haja ya kumwambia kuwa bibi huyo ni wa kuogopwa. Amekwisha jua.

Ndiyo maana nauvulia kofia ufundi wa kutunga mchawi. Fundi hodari haanzi na pembe wala meno marefu, huanza jikoni. Wazee wetu waliuchukua ungo wa kupepetea mchele wakaurusha usiku wa manane. Warusi wakachukua kinu.

Watengenezaji wa michezo ya video wameurithi ufundi huo. Mwaka 2015, kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ilitoa The Witcher 3, mchezo uliotokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski. Humo mna ndugu watatu wachawi wa kinamasini. Mmoja kapewa jina la kufuma, wa pili la kupika pombe, wa tatu la kunong'ona: shughuli za nyumbani tupu. Pazia walilofumiwa linawaonyesha wakiwa wanawali wazuri. Ukikutana nao uso kwa uso, utatamani ungeishia kwenye pazia. Mzee wa kijiji kinachowategemea akitimiziwa haja yake, malipo ni sikio. Hulikata mwenyewe na kulikabidhi, kama mtu anayemaliza deni dukani. Utulivu ule ndio unaosisimua mwili.

Mchezo mwingine, Rise of the Tomb Raider, ulimleta Baba Yaga mwenyewe mwaka 2016, kisha ukafichua kwamba maajabu yake yalikuwa ulevi wa chavua ya maua. Kitisho kikishaelezwa hivyo, kimekwisha.

Ufundi wa pili ni kumjengea mchawi makazi. Kibanda cha Baba Yaga husimama kwa miguu ya kuku katikati ya msitu, na zimwi letu nalo hukaa porini, mbali na mji. Umbali huo una hekima. Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, imezika wanawake wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Msimulizi mwenye adabu huazima chombo cha bibi, hamwazimi bibi mwenyewe.

Mwaka 2024 ulitoka mchezo wa Tales of Kenzera: Zau, wa Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, nao una sauti za Kiswahili. Lugha imeshaingia kwenye gemu. Ungo nao utaingia siku atakapopatikana fundi anayejua mambo mawili: namna ya kuurusha, na nyumba ya nani asiutue juu yake.